Maziwa ya Mashine, Maziwa ya Kunywa

Jina lake analo mwenyewe. Alikozaliwa na ukoo wake sitavigusa, kwa sababu sikumwuliza na yeye hakunieleza. Mimi nilimwita Mkemia. Nilianza kwa kumwita Daktari, akakataa papo hapo. "Gogo," akasema, "mimi sijatibu hata kuku." Basi nikamwita Mkemia, na majirani zangu hapa Kiamunyi, pembeni mwa Nakuru, waliposikia neno hilo wakaanza kupita kwa geti kuuliza kama ana Panadol. Hakuwa na Panadol. Alikuwa na begi la chupa za kioo zisizo na kitu, na alikuja kwangu kutafuta maziwa.

Ilikuwa 2007, mvua ndefu imeshika. Nilikuwa na ng'ombe wawili wa kukamua, mmoja mweusi na mtulivu, mwingine wa madoadoa na mwenye madharau. Asubuhi moja nikaona msichana Mhindi amesimama kwenye matope na viatu vyeupe, nywele amezifunga kwa kalamu. Nasema kalamu, si utepe.

"Habari ya asubuhi, mathe."

"Mathe wa nani? Mimi nina wajukuu."

"Pole. Gogo." Gogo ndiyo bibi kwa Kikalenjin; sijui nani alikuwa amemfundisha neno hilo, lakini alilitamka vizuri. "Natafuta maziwa ya ng'ombe mmoja."

"Kila ng'ombe ni mmoja."

"Nataka yasichanganywe. Ng'ombe mmoja tu, ambaye najua anakula nini, anakunywa nini, analala wapi."

"Unataka maziwa ama unataka kumposa?"

Alicheka mpaka akaegemea geti. Geti likafunguka, kwa sababu hakuwa amelifunga vizuri, na yule wa madoadoa akapita katikati yetu akaenda zake kwenye sukuma wiki ya jirani. Ndivyo tulivyojuana: tukikimbiza ng'ombe kwenye matope, yeye na viatu vyake, mimi na fimbo na maneno ambayo mama wa kanisa hafai kuyasema.

Na hilo geti hakujua kulifunga mpaka mwisho. Huyu mtu alikuwa na mikono ya uangalifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Chupa yake aliiosha, akaiosha tena, akaisuuza kwa maji aliyokuja nayo mwenyewe, kwa sababu maji yangu ya bomba alisema yana mambo mengi ndani yake. Glasi ya chai aliishika kwa ncha za vidole, juu kabisa karibu na mdomo wa glasi. Nikamwuliza kama chai ni moto. Akasema hapana, ni mazoea. Kwenye maabara ya chuo chao wana vikombe vidogo vya kioo vya pande nne, na ukigusa upande ambao taa inapitia, alama ya kidole chako inaingia kwenye hesabu. Mtu huyo huyo aliacha geti wazi kila alipokuja. Alisahau mwavuli kwangu, akasahau sweta, siku moja akasahau viatu, akaenda zake na gambuti zangu.

Alikuwa na tabia nyingine. Kila alichopewa kunywa alikiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha akakiangalia. Maji, soda, turungi, yote. Mara ya kwanza nilikasirika.

"Unatafuta nzi?"

"Hapana, Gogo. Naangalia tu kilichomo."

"Kilichomo ni chai."

"Nimeona," akasema, akanywa.

Na ni turungi kweli, chai kavu, kwa sababu huyu mtu aliyekuja kutafuta maziwa wiki baada ya wiki hakuyanywa. Nilimwekea, akasukuma kikombe polepole kwa adabu. Kwao hawali nyama, hilo nilijua, lakini maziwa wanakunywa. Nikamwuliza shida ni nini. Akaniambia, "Gogo, nayaangalia kutwa nzima. Wewe ungepika chapati mia ungetaka kula chapati?" Nikamwambia nimeshapika chapati nyingi kuliko hizo kwenye harusi na nilikula. Akacheka, lakini maziwa hakunywa.

Sasa kazi yake. Nitaieleza jinsi alivyonieleza mimi, niliyeachia shule darasa la tatu, na kama nimekosea basi makosa ni yangu.

Alisema ndani ya maziwa kuna vitu kama vifuko vya mviringo, vidogo kiasi kwamba hakuna jicho litakaloviona. Yeye alitaka kuficha dawa ndani ya vifuko hivyo. Dawa yenyewe ilikuwa unga wa njano kwenye chupa ndogo kama ya wanja. Nikamwambia hiyo ni manjano, mama yake anaiweka kwenye mchuzi. Akasema, "Ni ndugu yake manjano, ila huyu ameoga." Sasa, utajuaje kama dawa imeingia ndani ya kifuko au imebaki nje inaelea? Huwezi kufungua kitu usichokiona. Kwa hivyo unapitisha mwanga. Kila kitu, alisema, kina mwanga wake kinaoumeza na mwanga kinaouacha upite. Mashine inaandika kwenye karatasi: mahali mwanga umemezwa, mstari unapanda kama kilima, kisha unashuka. Dawa ina kilima chake, maziwa yana kilima chake, na kila kilima kina mahali pake pasipobadilika. Kazi hiyo ya kusoma vilima aliiita spektroskopia. Neno hilo nililisema mara kadhaa nikiwa jikoni peke yangu mpaka likakaa mdomoni.

Kabla ya kupima kitu chochote alipima kitu tupu kwanza. Maji peke yake, bila maziwa, bila dawa. Nikaona huo ni upuuzi. "Unapima maji upate maji?" Akasema mashine lazima ijue tupu inaonekanaje, la sivyo itakudanganya kwa kila kitu kinachofuata. Msemo wake ulikuwa huo: "Tuanze na tupu, Gogo." Aliusema akikaa mezani, akianza safari, akiingia kwenye zizi.

Mzee, mume wangu, alikufa na saratani ya koo. Huku kwetu ugonjwa huo unajulikana. Alianza kukataa ugali, akabaki na uji, mwisho hata uji ukawa kama kumeza mawe. Hospitalini walimwekea dawa ya mshipani. Dawa hiyo ilimchoma kila mahali. Nywele zikatoka, kucha zikawa nyeusi, mdomo ukajaa vidonda, mtu aliyebeba ndama mabegani akawa anabebwa na mimi. Siku moja nilimwuliza Mkemia jambo nililokuwa nimelibeba muda mrefu.

"Ugonjwa ulikuwa hapa," nikamwonyesha kooni. "Kwa nini dawa ilienda mpaka kwenye kucha?"

Akaweka glasi chini.

"Hilo ndilo swali langu, Gogo. Hilo hasa."

Kisha akanieleza hivi. Ukituma mtu na chupa ya uji kwa mgonjwa wako, na huyo mtu akifika wodini anamwagia kila kitanda kidogo kidogo, mgonjwa wako atapata tone na wengine utawachafulia shuka. Dawa nyingi zinaenda hivyo. Yeye alitaka chupa ambayo haifunguki mpaka ifike kitanda kile. Akasema mahali penye uvimbe wa aina ile mara nyingi pana uchachu kuliko mahali penye afya. Na maziwa yanafanyaje yakikutana na uchachu?

"Yanakatika," nikasema. Hilo hata mtoto anajua.

"Yanakatika," akasema, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyejibiwa na profesa. "Kifuko kinapasuka palepale, dawa inatoka palepale."

Tangu siku hiyo sikumkawiza tena na maziwa.

Lakini nisimpake asali. Nilikasirishwa naye siku nyingine, na sababu ni hiyo hiyo. Nilimwuliza, "Mzee angekuwa hai leo, anakaa kwenye kile kiti, ungempa hiyo dawa yako?"

"Hapana, Gogo."

Hakufikiri hata kidogo. Ningetaka afikiri.

"Mtu anakufa na wewe umeshika chupa?"

"Sijui kilichomo. Nikishajua kilichomo kutakuwa na watu wengine wa kujua kinafanya nini kwa panya, na wengine baada yao. Mimi niko mwanzo kabisa. Nikimpa sasa nitakuwa namjaribu yeye, simtibu."

"Toka," nikamwambia. Akatoka. Aliacha geti wazi, nikalifunga kwa kishindo ili asikie. Wiki iliyofuata alirudi na chupa zake kana kwamba hakuna lililotokea, akasema, "Tuanze na tupu, Gogo," nami nikamkamulia. Nilikuwa nimelala na maneno yake siku kadhaa. Wengi walikuja kwetu Mzee akiwa mgonjwa, huyu na mizizi, huyu na mafuta, huyu na maji ya ajabu, na kila mmoja alikuwa na hakika. Huyu msichana peke yake ndiye aliyeniambia hajui. Nikaona afadhali yeye.

Babake nilimjua kabla yake. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Misumari ya nyumba hii na bawaba za hilo geti nilinunua kwake. Ni mzee mpole anayeongea Kiswahili cha haraka na Kikalenjin cha kutosha kukataa kupunguza bei. Siku moja alimleta binti kwa pikapu, akabaki amesimama uani huku binti yuko zizini.

"Mama, huyu anakusumbua?"

"Anasumbua ng'ombe. Mimi hanisumbui."

"Mimi nimempa mpaka mvua ndefu ya mwaka ujao iishe. Kama hiyo kazi imetoa matokeo, sawa. Kama haijatoa, anakuja dukani. Mimi nazeeka. Duka linamngoja."

"Duka lina miguu? Litakimbia?"

Alicheka, lakini alimaanisha. Na binti alijua anamaanisha, na hakumlaumu. Aliniambia babake amelipia masomo bila kunung'unika, na mtu akingoja muda mrefu ana haki ya kuweka siku. Ila nilimwona akitazama zile bawaba za geti langu kama mtu anayetazama chumba atakachofungiwa.

Na matokeo hayakuwa yanatoka. Hapo ndipo taabu yake yote ilikuwa. Ili kazi ikubaliwe ilibidi apime, arudie, arudie tena, na mistari ifanane. Haikufanana. Wiki moja mstari unatoka msafi. Wiki inayofuata kunatokea kilima kidogo upande wa kushoto, mahali ambapo hapakutakiwa kilima. Si cha maziwa, si cha dawa. Alinionyesha kwenye karatasi. Kilikuwa kidogo kama kichuguu, nami ningekipita bila kukiona. Yeye hakulala kwa sababu yake.

Wenzake walimwambia akikate. Anza kuchora mstari baada ya hapo, walisema, nani ataona? Akaniambia hayo akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika shavu.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema kilima kiko, Gogo. Nikikificha kwenye karatasi bado kiko kwenye chupa."

Basi akaanza kukisaka. Alishuku majani ya nepia, akachukua majani. Akashuku unga wa ng'ombe, akachukua unga. Akashuku sabuni yangu, akanusa mikono yangu kama askari. Yule mweusi, ambaye ndiye aliyemchagua, alipimwa maji ya kunywa, alichunguzwa chuchu, aliulizwa maswali kwa sauti ya upole. "Nyanya, jana ulikula nini tofauti?" akamwambia ng'ombe, na ng'ombe akamtazama. Kuku ndio aliowaogopa, sijui kwa nini. Mtu aliyeshika ng'ombe bila wasiwasi alipanda juu ya ndoo kuku akipita. Kilima kilikuja na kuondoka kama kilivyotaka.

Halafu ikaja ile Januari ya baada ya uchaguzi, na yaliyotokea Nakuru wenye macho waliyaona, sitayaeleza hapa. Barabara zilifungwa, gari la maziwa halikuja, nikawa nagawa maziwa kwa jirani yeyote aliyefika na sufuria, bila kuuliza anaongea nini kwao. Duka la babake lilishusha mabati. Chuo kikafungwa. Simu ilipopata mtandao alipiga.

"Gogo, uko salama?"

"Niko."

"Na mweusi?"

"Yuko. Anauliza kama umemsahau."

Alilia kidogo, akacheka kidogo. Kila kitu alichokuwa ametengeneza kiliharibika kwenye friji isiyo na stima. Alipoanza upya, mvua ndefu ya mwaka ule mwingine ilikuwa tayari inanyesha, ile ambayo babake aliitaja. Akapima. Wiki ya kwanza, msafi. Wiki ya pili, kilima.

Sasa sikilizeni jinsi kilivyopatikana, maana hakikupatikana maabara.

Mjukuu wangu aliolewa Gilgil. Mkemia aliomba pikapu ya babake akatupeleka, mimi mbele, nguo na sufuria nyuma. Kurudi, kina mama wa kwaya walio kwenye gari lingine wakasema hawapiti Kikopey bila kula nyama choma. Tukasimama. Kina mama wakaagiza mbavu, wakaagiza mguu. Moshi ukatufunika kama shuka. Yeye aliketi katikati ya mifupa na kachumbari na hindi la kuchoma, na mama mmoja wa kwaya akamsikitikia kwa dhati.

"Maskini, huyu anaumwa nini?"

"Haumwi. Hali nyama."

"Hata kidogo? Hata supu?"

"Hata supu."

"Na bado amenenepa hivyo mashavu! Basi mimi nimekula bure miaka yote."

Tulifika Kiamunyi jioni kukiwa bado na mwanga. Alikuwa na njaa, ungeisikia. Sikuwa na chakula cha haraka, chai ilikuwa haijachemka, basi nikateremsha kibuyu nikammiminia maziwa bila kumwuliza. Njaa ni njaa. Aliinua glasi kwenye dirisha kama kawaida yake, akaileta mdomoni, akasimama hapo hapo. Akanusa. Akanusa mkono wa sweta yake. Akavua sweta, akaenda kuitupa nje kwenye kamba, akarudi, akanusa glasi tena.

"Gogo. Nilidhani ni moshi wa Kikopey. Hii harufu ni ya nini?"

"Harufu ya usafi."

"Usafi gani?"

Nikamwonyesha. Kibuyu cha maziwa hakisafishwi kwa maji peke yake. Hivyo ni kukosea maziwa heshima na kukosea mgeni. Unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakiwasha, unakiingiza ndani kikiwa na moto, unasugua mpaka mkaa wake unashika ukuta wa kibuyu wote. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Maziwa yanayokaa humo hayaharibiki upesi, na yana ladha. Nani atamwekea mtu maziwa kwenye kitu kisichofukizwa?

Aliketi polepole.

"Lakini yangu unakamua kwenye ndoo, unamimina kwenye chupa yangu. Nimekuona."

"Ukiwahi ndiyo. Ukichelewa nitayaacha kwenye ndoo, nzi waingie? Naweka kwenye kibuyu, ukifika nakumiminia."

"Nikichelewa," akasema.

"Na unachelewa sana."

Akaweka mikono yote miwili kichwani. "Nikiwahi hakuna kilima. Nikichelewa kuna kilima. Gogo, moshi unameza mwanga! Moshi una kilima chake!" Akainuka akanikumbatia, mimi ambaye sikumbatiwi ovyo, akamkumbatia na yule mama wa kwaya aliyekuwa ameingia kuchukua sufuria yake, ambaye mpaka leo hajui kulikuwa na nini.

Sikuomba msamaha, na yeye hakutaka niombe. Kibuyu changu kilikuwa safi wakati huo na ni safi leo. Nilimwambia hivyo, akasema, "Kweli kabisa. Ni mashine tu haijalelewa hapa." Asubuhi yake alikuja mapema, mara ya kwanza kabisa, akachukua chupa mbili kutoka kwa yule mweusi, moja ya ndoo na moja ya kibuyu. Jioni akapiga simu. Ya ndoo, msafi. Ya kibuyu, kilima, palepale pa siku zote.

Tukaweka utaratibu. Alininunulia mtungi mdogo wa chuma wenye kifuniko, tukaufunga uzi mwekundu shingoni. Huo ukawa wa maziwa ya mashine, haufukizwi, haukai karibu na jiko. Kibuyu kikabaki cha maziwa ya kunywa. Mjukuu akikosea kugusa mtungi wa uzi mwekundu nilimfokea kama amegusa vyombo vya altare. Mkemia alipima, akarudia, akarudia tena. Mistari ikalala mmoja juu ya mwingine. Alisema ukiangalia karatasi unadhani ni mstari mmoja. Mvua ilikuwa bado haijaisha.

Babake nilimkuta dukani baadaye nilipoenda kununua kufuli. Nyuma ya kaunta, kati ya kalenda na picha ya miungu yao iliyovikwa maua, alikuwa ametundika ile karatasi yenye vilima. Mteja mmoja alikuwa anauliza kama ni ramani ya Mlima Menengai.

"Hiyo ni kazi ya binti yangu," akasema, huku akipima misumari.

"Na duka?" nikamwuliza.

"Mtoto wa ndugu yangu amekuja kujifunza." Akasafisha koo. "Duka halina miguu, Mama. Wewe ndiye ulisema."

Alikuja kuniaga mwisho wa 2008, mahindi yakiwa yamevunwa. Hakuwa anakwenda mbali. Alikuwa amepewa kazi ya kufundisha wanafunzi wa maabara huku akiendelea na masomo, na maziwa sasa yangekuwa yanatoka kwa ng'ombe wa chuo, kwa sababu walitaka kuona kama matokeo yatakuwa yale yale kwa ng'ombe mwingine. Dawa yenyewe bado haijawa dawa. Aliniambia hilo kabla sijauliza. Ilikuwa imebaki safari ndefu, na huenda wengine ndio wangeimaliza.

Viatu vilikuwa vyeupe tena. Nywele kwenye kalamu. Alikuwa ameniletea karatasi iliyopigwa fremu ya duka la babake, nikadhani ni ile safi, ya mistari iliyofanana. Haikuwa hiyo. Ilikuwa na kichuguu upande wa kushoto.

"Umeniletea iliyoharibika?"

"Nimekuletea ya kwako, Gogo. Hicho kilima ni cha senetwet. Nimekiandika kwenye kazi, na jinsi tulivyokipata."

"Na jina langu?"

"Nimeandika, mwenye ng'ombe."

"Inatosha," nikasema. Iko ukutani hapo, chini ya picha ya Mzee. Wageni wanauliza. Nawaambia ni moshi.

Nikaona amekaa muda bila kitu mkononi, si desturi yangu. Nikanyoosha mkono kwenye mtungi wa uzi mwekundu, kwa mazoea, kisha nikakumbuka kwamba hakuna tena mashine inayongoja.

"Turungi?"

"Maziwa," akasema. "Ya kunywa."

Nikateremsha kibuyu, nikakitikisa, nikammiminia glasi mpaka juu. Nikangoja ainue kwenye dirisha. Mwanga ulikuwepo, wa kutosha. Aliishika glasi kwa kiganja kizima kama mtu yeyote, akanywa nusu bila kupumua, akabaki na alama nyeupe juu ya mdomo.

"Hukuangalia," nikamwambia.

"Najua kilichomo, Gogo."

Nikamwongezea. Nje, yule wa madoadoa alikuwa tayari anaelekea getini.